Maua kwenye Ukuta wa Jiko la Mama

Kosa langu la kwanza lilikuwa kurudia. Nilikandika ukuta wa jiko la mama, nikarudi nyuma kuuangalia, nikaona mstari mmoja umepinda. Nikachovya mkono majini nikaulainisha. Halafu nikaona mwingine. Udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe hautaki mchezo huo. Ukishaanza kukauka, ukiuchokoza unapasuka. Kufika jioni ukuta mzima ulikuwa na nyufa kama visigino vya mchuma chai asiye na gambuti.

Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimerudi nyumbani Ikonge baada ya kazi ya ofisi mjini Kisii kunishinda. Sikufutwa, nilishindwa. Nilikuwa nikiandika ujumbe wa mistari miwili, naufuta, nauandika tena, mpaka moyo unakwenda mbio, nakwenda kujifungia chooni. Nyumbani nikamkuta mama ameacha kupamba jiko lake. Zamani, kila Desemba, alilichora maua kwa udongo mwekundu, udongo mweupe na majivu. Tangu tumzike baba, alichuma chai, akapika, akakaa. Ukimsemesha alijibu "mm." Nilishika udongo kwa sababu nilichoka kumwona akitazama ukuta mtupu.

Zile nyufa zilimtoa nje.

"Huu ni ukuta ama ni mamba?" aliuliza, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu matanga.

"Basi nifundishe, mama."

"Nani alikupa kazi hii?" Akarudi ndani.

Nikajifunza peke yangu, kwa kuharibu. Nilibandua, nikakandika upya. Majivu niliyachekecha kwa leso kuukuu. Maua yangu ya kwanza yalifanana na kuku aliyekanyagwa. Lakini asubuhi moja nilikuta karai la udongo mwekundu limewekwa mlangoni, udongo wa kule mtoni ambako mama pekee ndiye anayejua pa kuchimba. Niliuchukua nikaendelea kuchora, nikiogopa kumshtua kwa maswali.

Ndipo kaka yangu mkubwa akapiga simu kutoka mjini. Watu wa mchumba wake wangekuja kutuona Jumapili, kwa hiyo Ijumaa angetuma fundi apige plasta ya simiti jikoni. Hakuuliza, alitangaza. Sikulala. Mama alikuwa ameanza kurudi kwetu kupitia ukuta ule, na sasa ukuta ungefunikwa.

Ijumaa fundi alifika kwa boda boda, mifuko ya simiti imefungwa nyuma. Alimkuta mama amezama kwenye udongo hadi viwiko, akichora, kanga imefungwa kiunoni.

"Mama, sogea kidogo nianze," fundi alisema.

"Anza wapi? Huoni kuna mtu anafanya kazi?"

Fundi akampigia kaka, akaweka simu kwenye spika.

"Mama, ni aibu," kaka alisema. "Hao ni watu wa mjini. Wataona maua ya udongo waseme sisi ni watu wa zamani."

"Kwani wanakuja kula ukuta?"

"Mama, sikiliza..."

"Hiyo simiti peleka kwako. Wakichoka na maua yangu, waangalie kuku."

Nilichukua simu. Nikasema: "Kaka, jiko si lako. Hapa hapapigwi plasta." Nikakata kabla sijaanza kuomba msamaha.

Fundi alikuna kichwa. "Mimi nilitumwa kupiga plasta. Kupigana na mama ya mtu sikutumwa." Akarudi na mifuko yake.

Najua wanavyosema: huo ni mchezo wa wanawake, wa kupoteza wakati, na chai iko shambani inangoja. Waseme. Hawajakaa nyumba moja na mama asiyeongea. Daktari alimpa mama dawa za presha na anazimeza, wala sitamzuia. Ila dawa hazikumfanya aamke mapema akachimbe udongo. Hamu ya kutengeneza kitu kizuri, chake, ndiyo iliyomwamsha. Sitaomba ruhusa ya mtu kwa hilo, wala sitangoja liitwe kazi.

Wageni walikuja, wakala, wakaenda. Kaka alininunia karibu mwezi mzima, na sijutii.

Siku hizi mama anaongea. Tunabishana kuhusu rangi mpaka chakula kinaungua. Mimi nalala usiku.