Nafasi ya Kumi na Moja

Mgeni akifika kwa Mwamvita, kwanza aliitikiwa salamu, kisha akaulizwa, “Wewe mtoto wa mama nani?” Swali hilo hakuliacha hadi mwisho. Alimuuliza fundi umeme, akamuuliza hata mwenye nyumba. Sisi Waluguru ukoo tunaurithi kwa mama, ila tukishuka mjini tunaona haya kulisema. Mimi siku ya kwanza nilimtajia baba yangu. Akanicheka. “Huyo nitamjua baadaye.”

Studio yake ilikuwa chumba kimoja Mwembesongo, nyuma ya duka la vitambaa la Nikunj, kuta zimebandikwa trei za mayai. Humo alitengeneza riddim ya dancehall, mdundo mmoja wa kuimbiwa na wasanii kumi na mmoja, kila mtu na maneno yake. Mlio wa ngoma uliomo aliurekodi kwao, Matombo. Sharti lilikuwa moja tu: kila msanii aanze kwa kumtaja mama yake.

Kumi walitaja. Wa kumi na moja alikuwa Oscar, ambaye jina lake lilikuwa limeshafika Dar. Kituo kimoja cha redio huko kiliahidi kuzipiga nyimbo zote, mradi Oscar awemo. Mashabiki wake aliwaambia amekulia ughaibuni. Mama yake, Felista, alishuka na ndizi kichwani kutoka mlimani kila Jumamosi.

“Sista, jina hilo halina mzuka,” Oscar alisema. “Watu watanicheka.”

“Watakucheka kwa kuzaliwa?”

“Nitamtaja mshua. Hata mara mbili.”

“Baba yako tunamshukuru. Mdundo huu si wake.”

“Bila mimi redioni hamfiki!”

“Basi tutafika sokoni.”

Mwamvita aliifuta sauti ambayo Oscar alikuwa ameshairekodi, mbele ya macho yake. Mdundo ukabaki mtupu.

Mimi ndiye niliyemsihi. Nilikuwa nafundisha chuoni Mzumbe, nikijiona mtu wa busara. Nilimwambia ni sekunde tatu tu za jina, asiwanyime vijana kumi redio yao. Akazitoa nyimbo kumi, na ya kumi na moja akaiweka vilevile, mdundo bila mwimbaji. Redio ilikataa. Bodaboda na wauza ndizi hawakukataa. Waliingiziana kwenye simu. Jumamosi moja nilimkuta Felista sokoni, spika ya jirani ikipiga ile ya mwisho. Akasema, “Hii nzuri. Ila aliyetakiwa kuimba kaenda wapi?” Nilinunua ndizi nisizozihitaji.

Masika yaliyofuata Mwamvita aliugua. Kabla ya kupelekwa kwao Matombo, ambako ndiko alikozikwa, alinikabidhi ufunguo wa studio. Nikamuuliza niufanyie nini.

“Oscar akija na jina la mama yake, mwite Yunusi, kijana wangu wa mitambo, amrekodi. Akija bila jina, usimfukuze. Mpe kiti, awasikilize wenzake.”