Siku Niliyolipigia Goti Koti la Mzee Siame

Naandika yote bila kuficha, kwa sababu shule nzima inajua tayari, na ukimsikiliza Zawadi wa darasani kwetu atakwambia nilipiga goti saa nzima, uongo mtupu, hazikufika hata dakika tano, ingawa kwangu mimi zilikuwa ndefu kuliko foleni ya malori ya hapa Tunduma.

Chanzo ni miwani. Ninayo tangu kidato cha kwanza, ina vioo vinene kama vitako vya chupa, na siku ile klabu yetu ya historia ilikuwa na wageni, wanafunzi wa shule moja ya ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia, waliokuja kutembea mji pamoja nasi, basi nikaona aibu, nikaivua nikaitia mfukoni mwa sketi. Jambo dogo tu. (Bila miwani naiona dunia kama mtu anayechungulia kupitia mfuko wa nailoni.)

Kituo cha mwisho kilikuwa Jumba la Nguzo, lile la zamani la wakoloni, siku hizi mnatunzwa makaratasi tu, lenye nguzo sita nyeupe mbele na juu yake ukuta wa pembetatu kama mahekalu ya Wayunani kwenye picha za Biblia. Hapo ndipo ilikuwa zamu yangu ya kuwaeleza wageni. Mimi, ambaye nikiulizwa swali darasani natazama kucha! Kazi hiyo nilimwomba Mwalimu Simbeye kwa barua, maana kwa mdomo nisingeweza, naye akanijibu kwamba sawa Eliza, lakini ukikwama mbele ya watu nampa Zawadi, sisubiri. Wiki mbili nzima nikawa nawaeleza mbuzi wa nyumbani habari za nguzo. Mbuzi wanasikiliza vizuri sana, hawacheki.

Tulipofika Mwalimu akasema nitangulie nikamsalimie mlinzi, Mzee Siame, nimwombe atufungulie, wao wanakuja nyuma yangu. Nje jua linawaka, lakini kwenye baraza nyuma ya zile nguzo kuna giza na ubaridi kama wa kanisani. Nikamwona mzee kakaa kando ya mlango, koti refu, kofia ya pama, kainama kidogo kama anayesikiliza redio.

Sasa, bibi yangu ni Mnamwanga wa Ndalambo, na kwake mzee hasalimiwi na mtu aliyesimama wima kama mlingoti. Binti unapiga goti, unapiga makofi taratibu, na huinuki mpaka uitikiwe, kwa sababu ukiinuka kabla, bibi anasema, umemwambia mzee wa watu kwamba si kitu. Nikapiga goti. Nikapiga makofi. Nikasema shikamoo babu.

Kimya.

Nikadhani hasikii vizuri, nikaongeza makofi na sauti. Kimya. Nikadhani basi kakasirika kwa kuwa tumechelewa, nikaanza kumwomba radhi, nikamweleza habari za wageni kukawia mpakani, nikamweleza mpaka habari za kiatu cha mwenzetu kilichokatika mkanda, na muda wote huo magoti yananiuma na mzee hata kofia haitikisiki.

Nyuma yangu nikasikia nyayo. Wageni ndio hao, na kwa pale kwenye ngazi nguzo zilikuwa zinawaziba, walichoona ni bega moja na kofia, na mwenyeji wao yuko chini. Jirani zetu adabu yao na yetu ni moja. Wakajua huyu si mzee wa mchezo, wasichana wakapiga goti, wavulana wakachuchumaa, makofi yakapigwa, wakasema kwa pamoja "Mwashibukeni mukwai", ndiyo salamu yao ya asubuhi. Wa kwetu nao wangebakije wamesimama? Wakashuka wote, na Zawadi, na Mwalimu Simbeye akainamisha kichwa. Baraza zima likawa linamwamkia mtu asiyejibu.

Ndipo Mzee Siame akatokea kwa nyuma ya jumba akiwa na shati la mikono mifupi, anatafuna hindi la kuchoma. Akasimama. Akatutazama sisi, akatazama kiti.

"Wanangu, hilo koti langu mmelipa uenyekiti lini?"

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Zambia. Zawadi alikaa kabisa kwenye ngazi, hawezi kupumua. Mimi nilibaki palepale, kwanza miguu ilikataa, pili (usicheke) bado nilikuwa sijaitikiwa, na nikaomba nguzo moja iniangukie, hata ile yenye ufa. Nikamsikia Mwalimu akisema, "Zawadi, hebu njoo huku mbele." Nikajua kazi yangu imekwenda.

Lakini Mzee Siame akampa Mwalimu hindi amshikie, akalitoa koti lake kitini akalivaa, akavaa kofia, akaketi kwenye kiti, akajiweka sawa.

"Marahaba, mjukuu wangu. Inuka sasa. Hebu nieleze mimi kwanza, nalilinda jumba hili miaka yote na hakuna aliyewahi kunieleza."

Nikainuka na vumbi langu magotini, nikavaa miwani, na maneno yakatoka. Sijui kwa nini. Nadhani mtu aliyelipigia goti koti mbele ya nchi mbili hana tena aibu ya akiba. Nikasema zile nguzo si mawe, ni matofali yaliyopakwa chokaa, na kwamba zilijengwa kubwa vile ili mtu ajione mdogo kabla hajafika mlangoni, nikaongeza kwamba kwangu zimefanya kazi kupita kiasi. Wakacheka tena, ila safari hii nami nilicheka. Mzee akauliza kama zinabeba kitu au ni pambo. Swali hilo mbuzi hawakuwahi kuuliza, lakini nikamjibu, zinabeba paa la baraza hili unalokalia babu. Zawadi akarudi zake nyuma.

Shuleni sasa naitwa Koti, hata na watoto wa kidato cha kwanza. Nimeapa miwani haitoki tena usoni mwangu, na sitapiga goti kabla sijaona mtu anapumua.

Juzi nilipita pale. Mzee hakuwepo, koti lilikuwepo kitini, kofia juu yake. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaliamkia kidogo.

Nikiwa nimesimama, lakini.