Jina la Mtu Aliyekufa Kabla Yangu

Mama anaumwa, na ameshasema hataki kuzikwa Musoma. Anataka alale Butiama, kwenye boma tulilofukuzwa nikiwa mdogo. Aliyetufukuza ni Baba mdogo, simfichi. Bibi alipokufa tu, alitoa vyungu vyetu nje mvua inanyesha, na mke wake akachagua vilivyo vizima.

Basi nikasema nitalishika jina la baba. Liko kwenye kadi yangu ya ubatizo. Shule sikufika mbali, lakini jina lile nilikuwaga nalisoma mpaka kadi ikachakaa kwenye mkunjo. Nilijua ni mtoto wa Bibi, kaka yake Baba mdogo, alikufa nikiwa tumboni. Nikipata kitu cha kanisa kinachosema mume wa mama yangu ni wa boma lile, watamkataaje?

Nikaacha meza yangu ya dagaa sokoni Nyasho. Nikaenda kanisani Kiabakari, wakanituma Bunda. Kule katibu wa kanisa alifungua daftari la zamani la mazishi, akaniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Mama, huyu mtu alizikwa miaka kumi kabla wewe hujazaliwa. Na huyu unayemwita bibi yako, hapa ameandikwa mke wake."

Kwenye gari la kurudi sikukaa, nilisimama hata viti vilipobaki wazi. Nilifika namchukia Mama, mgonjwa vile vile alivyo. Nikamuuliza mimi ni wa nani. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Wa Bibi yako. Mimi niliolewa na Bibi yako."

Mtu wa Mara ataniuliza nilikuwa wapi siku zote. Nyumba ntobhu naijua. Mjane asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe zake, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake, wanabeba jina la mume wake hata kama ameshaoza. Nimeshawacheka wenzangu kwa hilo pale sokoni. Ndiyo maana Mama alininyamazia.

"Na aliyenizaa?"

"Huyo hakutoa hata ng'ombe mmoja. Usimtafute."

Kesho yake nikapanda pikipiki mpaka Butiama. Baba mdogo, ambaye kumbe ni mtoto wa mke mdogo wa yule marehemu, alikuwa anapukuchua mahindi. Amezeeka, na sikumwonea huruma. Nikamsalimu, nikamweleza shida ya Mama. Akasema Mama alikuja tu kumfanyia Bibi kazi, mwanamke asiye na mume anazikwaga kwao.

"Ng'ombe zilizopelekwa kwao zilitoka zizi gani, Baba?"

Akaendelea kupukuchua.

"Si ulizipeleka wewe? Mama anasema ulichapa fimbo njia nzima mpaka Nyamuswa, ukala nyama ya ukweni ukaumwa tumbo."

Mke wake alicheka mlangoni, akajikuta anacheka peke yake.

"Nilikuwa mtoto," akasema Baba mdogo.

"Na vyungu? Ulikuwa mtoto?"

Nikauliza kaburi la Bibi liko wapi, akanionyesha kwa kidevu. Walikuwa wamelilimia mihogo mpaka kwenye mawe yenyewe, muhogo mmoja umepenya katikati. Nikafunga khanga kiunoni, nikaanza kung'oa pembeni ya Bibi.

"Unang'oa chakula cha watu wewe."

"Namtengenezea Mama nafasi."

Alisimama pale, fimbo mkononi. Hakunizuia, wala neno la kukubali hakulitoa. Niling'oa mpaka pakatosha mtu kulala, mihogo nikaipanga kwenye mlango wa mke wake, asije akasema nimeiba.

Nikiwa barabarani Mama akapiga simu. Sauti ilikuwa ndogo. Akauliza Baba mdogo amesemaje.

Nikamwambia mihogo pembeni ya Bibi nimeshaing'oa.