Mwizi wa Mto

Asubuhi ile mke wangu Esteria alichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tukala na karanga, tukakaa kuchambua pamba. Nikamuuliza nani kaiba mto wa kwenye kitabu chake. Akacheka, akanijibu. Mchana kichwa kikamuuma. Jua lilipozama alikuwa ameshafariki.

Tunakaa Sola. Mke wangu alifika la saba. Mimi kusoma ni kwa tabu. Kitabu alikinunua mnadani Malampaka, hakina jalada. Habari ya mpelelezi. Mji umeamka, mto haupo, umeibiwa, na nyayo za mwizi zinapanda ukutani. Majirani walikuja kwetu na pamba zao wamsikilize akisoma.

"Mto hauibiwi kama mbuzi," jirani yetu Mabula alisema, akaondoka amekasirika. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika.

Siku Esteria aliposoma kwamba mpelelezi katoka peke yake, Mzee Mihayo alimkatiza.

"Peke yake? Mwano haukupigwa?"

Kwetu ukisikia mwano, ule ukelele wa wizi, unatoka na fimbo. Nyayo zinafuatwa na kijiji kizima. Asiyetoka anatengwa.

"Mpelelezi wenu hana majirani," Mabula akasema. "Ndiyo maana hapati kitu."

Esteria aligeuza ukurasa, akautazama kidogo. Kisha akasoma: mpelelezi akarudi, akapiga mwano, mji mzima ukatoka, hata hakimu na fimbo yake. Watu walifurahi sana. Tangu hapo tuliufuata ule mto pamoja nao, kila siku, mpaka Esteria alipoondoka.

Baada ya matanga, majirani walimwomba binti yetu Violeth, aliyekuja kutoka Lamadi, atumalizie. Na mimi nilitaka. Nilitaka nimjue huyo mwizi, basi, niweze kulala.

Violeth akaanzia pale pa mwano. Mpelelezi alipanda treni peke yake. Akaendelea kusoma. Hakimu hakutokea.

"Umeruka," Mabula akamwambia.

"Sijaruka, baba mdogo. Hakuna mwano humu."

"Tazama vizuri, mwanangu."

Akatazama. Hakuna.

Mzee Mihayo akavua kofia. Nikakichukua kitabu mikononi mwa Violeth, nikakifunga. Mwizi wetu hakuwa mle.

Pamba nachambua mwenyewe siku hizi. Alichonijibu asubuhi ile ni hiki:

"Baba Violeth, nikikutajia leo, kesho utakaa na mimi usikilize nini?"