Mukamwana Wangu Alinitwangia Maganda

Bwana wa ukurasa huu, jina langu ulifiche vizuri, maana Baraka yetu ni muji mudogo na bamama wake wako na midomo mikubwa. Miaka yangu sijui. Wakati wa vita ya Wajerumani nilikuwa tayari nanyonyesha mutoto wa kwanza, basi ninyi mulioenda masomo, hesabuni. Mimi masomo yangu ni ya katekisimu tu, herufi zikipinda munivumilie. Niko mujane. Nakaa kwa mutoto wangu wa mwisho, fundi wa baiskeli, pamoja na muke wake, mukamwana wangu. Niko na hasira na sitaificha.

Mimi ni mutu wa Lubondja. Baba alinichongea kinu, nikakibeba kichwani mupaka kwa bwana wangu. Mukamwana alipofika nilimupa kinu hicho, nikamuambia: "Mwanangu, nyumba inajulikana kwa kinu. Asubuhi jirani wakisikia tu! tu! tu! wanajua humu kuna mwanamuke." Akapiga magoti, akapokea muchi kwa mikono miwili. "Aksanti, mama." Sauti kama asali!

Halafu mufanyabiashara mumoja akaleta mashini ya kusaga muhogo pale sokoni. Inakohoa kama muzee wa tumbako. Bamama wote wakaikimbilia na mabeseni, na mimi nikawatukana mbele ya batu, tukitoka kusali. "Bavivu ninyi! Mikono Mungu aliwapa ya nini, ya kupakaa mafuta? Bugali yenu inanuka mazutu, mafuta ya mashini! Kwangu mukamwana anatwanga."

Wakaangaliana. Mumoja, mama mwenye kilemba cha manjano, akakohoa. Mwingine akasema: "Ni kweli, mama, tunamusikia kila asubuhi." Nikatembea kichwa juu mupaka nyumbani.

Na kila tukikaa kula nilikuwa namusifu mbele ya bwana wake. "Ona bugali hii, laini, haina hata uzi mumoja wa muhogo. Huu ni mukono, siyo chuma." Yeye anainamisha kichwa. Mimi nikasema moyoni: heshima hiyo.

Heshima! Siku moja maumivu ya magoti yaliniachilia kidogo, nikatoka nyuma ya nyumba nimusaidie kuchekecha unga. Nikamukuta amekaa kwenye kiti kidogo, tumbo liko mbele yake kama ngoma, anatwanga kwa mukono mumoja. Nikachungulia ndani ya kinu. Maganda. Maganda makavu ya muhogo, yale tunatupia mbuzi. Na pembeni beseni ya unga mweupe, imefunikwa na kitenge. Nikatia mukono. Unga ulikuwa moto. Batu wangu, unga wa kinu hauwi moto.

"Hii ni nini?"

"Mama..."

"Nauliza, hii ni nini? Unanitwangia maganda, mimi ni mbuzi?"

Akaanza kulia. "Mama, nilitaka tu usikie."

Nisikie! Yaani mimi niko kitandani nasikiliza tu! tu! tu!, moyo unafurahi, kumbe kinu cha baba yangu kinaimba uongo, na jirani wote wanajua! Mama wa kilemba cha manjano alikohoa kwa sababu alikuwa nyuma ya mukamwana wangu pale kwenye mashini!

Mutoto wangu akaja mbio, mikono imejaa mafuta ya munyororo. "Mama, usimugombeze. Ni mimi nilimutuma. Mimba ya kwanza ilitoka akiwa kwenye kinu hicho, unakumbuka. Ningekuambia, ungekubali?"

"Singekubali! Mimi nilitwanga na mimba saba!"

"Na batoto batatu ulizika, mama."

Ninyi munaosoma, hayo ni maneno ya kumuambia mama? Nilifunga nguo zangu, nikataka kubeba kinu changu, kikanishinda uzito. Basi nikabeba muchi. Nikapanda lori ya pamba, nikarudi Lubondja kwa kaka yangu. Watwange na vidole, nikasema.

Sasa juzi habari imefika. Mukamwana amezaa mutoto mwanamuke, wote bazima. Na desturi yetu munaijua: bugali ya kwanza ya muzazi, unga wake unatwangwa na mama mukwe. Mama mumoja muuza samaki, anatoka Baraka, alinipigia kelele kutoka barabarani: "Mama, anasema haonji bugali mupaka ufike! Anakula ndizi tu!" Jeuri gani hii? Mutu aliyenilisha unga wa mashini miezi yote, leo ndiye anafuata desturi?

Lakini ni mujukuu, na mama yake ananyonyesha na ndizi tumboni. Nikachukua muchi wangu, nikaingia kwenye kinu cha wifi yangu. Mukono ulikataa. Siyo kuchoka, ulikataa. Muchi ulinitoka, ukapiga ukingo wa kinu, na wifi akanyanyuka: "Wifi, acha, utanipasulia kinu. Mukono wako umezeeka kabla ya mudomo wako." Kaka yangu alicheka mupaka akatoka nje.

Nimelia, ndiyo. Kwa hasira.

Kikapu nimekifunga. Muhogo ni wangu, nililoweka mwenyewe, nilianika mwenyewe, hauna hata doa. Wa kuutwanga hakuna: mukono wangu umekataa, na wa wifi desturi haiutaki. Kesho lori inashuka Baraka, na inasimama wapi? Sokoni, mbele ya ile mashini, mbele ya bamama wote na mabeseni yao.

Basi musinihubirie kusamehe, yule musichana nitamugombeza mwenyewe akishashiba. Na musiniambie ati dunia inageuka, hiyo mukono wangu umeshaniambia. Nishaurini jambo moja tu, na mufanye haraka: nikisimama kwenye ule mustari na kikapu changu, na yule mama wa kilemba cha manjano akikohoa, nimujibu nini?