Nywele za Truda, Mabawa ya Brunon

Mume wangu Brunon alivuta vyuma vya kubadilishia njia za treni stesheni ya Puck, Poland, mpaka akastaafu, na vidole vyake ni vinene kama soseji. Vidole hivyohivyo hukata karatasi kwa wembe na kuikunja mpaka inakuwa injini ndogo kuliko ukucha. Meza yangu ya jikoni si yangu tena. Ni kiwanda cha ndege-mashua, zile ndege zenye tumbo la boti zilizokuwa zikitua hapa ghubani kabla ya vita. Baba yake ndiye aliyewapigia mafundi makasia kuzifikia, na Brunon amekulia kwenye hadithi hizo.

Yeye huunda za mabawa mawili tu, bawa juu ya bawa. Za bawa moja hataki hata kuzisikia. "Ule ni ubao wa kupigia pasi," husema, "umetiwa injini." Akiwa kazini hata ugoro haugusi, kwa sababu siku moja alipiga chafya na propela tukaikuta kwenye supu ya samaki. Aliyeikuta ni mimi, kwa meno.

Kati ya mabawa hayo kuna nyaya nyingi za kuyashikilia. Uzi wa cherehani ni mnene mno kwa ndege ya karatasi, na wa nailoni unang'aa. Kinachofaa ni unywele mrefu, upitishwe juu na chini bila fundo. Unywele wangu. Kila Jumapili baada ya misa nilifungua msuko wangu uliofika kiunoni, nikakaa kitini, naye akasimama nyuma yangu.

"Truda, tatu tu," huomba.

Huchomoa kumi. Nilimfokea, nilimwita mwizi, lakini nisidanganye, nilizipenda Jumapili zile.

Mwezi wa Mei mjukuu wetu alikuwa anapokea komunyo ya kwanza, nami nikaenda saluni. Bi Sabina akanitazama kwenye kioo. "Bi Truda, huu msuko unakuzeesha. Tukate?" Nikamwambia kata. Nikatoka shingo nyepesi, najiona msichana.

Nilimkuta Brunon ameinamia ndege aliyoiweka kiporo miaka yote, mfano wa ile hasa aliyoihudumia baba yake. Nyaya tu ndizo zilizobaki. Aliinua macho, rangi ikamtoka.

"Ziko wapi?"

"Nini ziko wapi? Hata kuniambia nimependeza huwezi?"

"Truda, nywele ziko wapi?"

"Kwa Sabina, sakafuni! Mimi ni mkeo au ni duka la nyuzi?"

Akavaa kofia akatoka mbio na ndara za ndani. Nilibaki na ile ndege, nikaikodolea macho, nikatamani kuikalia. Miaka yote nimedhani zile Jumapili ni mapenzi, kumbe mimi ni shamba tu, mtu anakuja kuvuna. Nililia, na nilikasirika zaidi kwa kuwa nalia.

Machozi hayajakauka, jirani yetu Lidia akabisha hodi. "Truda, mumeo kaingiza kichwa kwenye pipa la taka la saluni. Mtaa mzima unamtazama. Mmegombana, au ndiyo ameanza kuchanganyikiwa?"

"Yote mawili. Kwaheri, Lidia."

Brunon alirudi na mfuko umejaa nywele za nusu ya mji. Akaumwaga mezani, akawasha taa, akavaa miwani. Nilisimama mlangoni mikono kiunoni, nimejiandaa kumpasha. Akaanza kuchambua.

"Huu si wako. Huu si wako. Huu utakuwa wa Bi Konkel, mgumu, umetiwa rangi."

"Na wewe nywele za Bi Konkel umezijulia wapi?"

"Sizijui. Najua si zako." Akanyanyua mmoja kwenye mwanga. "Huu ndio wako. Ncha kahawia, huku juu mvi. Na huu hapa. Ona unavyokonda katikati halafu unanenepa tena. Ni ule mwaka ulipougua."

Nilikuwa na maneno mengi tayari. Badala yake nikamsogezea taa.

Alichambua mpaka akapata kijishungi. "Zinaitosha hii moja," akasema. "Baada ya hapa nitahamia za bawa moja, hazina nyaya."

"Wewe? Ubao wa kupigia pasi?"

"Sasa nifanyeje? Nywele fupi zimekupendeza." Alisema hivyo akiitazama meza, masikio yamemwiva.

Wala hakuwa anatania. Miaka miwili sasa anaunda za bawa moja, kwa uso wa mtu anayekula supu isiyo na chumvi, na hajalalamika hata mara moja. Ndege ya baba yake iko juu ya kabati. Nikipangusa vumbi nauona ule mwaka wangu wa ugonjwa, umeshikilia bawa.

Saluni sijakanyaga tena. Bi Sabina akinipungia mkono najifanya sikumwona. Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani, nywele zilikuwa zimeshapita mabega. Nikavuta kiti mwenyewe, nikakaa, nikampa mgongo.

"Tatu tu," nikamwambia.

Akachomoa kumi, mwizi yule.