Gundi ya Muhogo na Ulimbo

Kwa wiki mbili kabla ya uchaguzi, mbuzi wa Wamaza walikula wabunge. Sisemi kwa mafumbo. Wagombea walituma picha zao kwa pikipiki kutoka Kasongo, na watu wao wakazibandika kwenye kila ukuta kwa uji wa unga wa muhogo, maana gundi ya dukani hakuna anayeipoteza ukutani. Mbuzi anapenda muhogo kuliko anavyoogopa serikali. Asubuhi walipita wakilamba uji, na karatasi ikafuata. Mbuzi wa yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, ndio waliosifika zaidi. Watu walimtania kwamba beberu wake peke yake amemeza wagombea watatu na bado hajui Kifaransa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka ule nilichukuliwa kuwa katibu wa kituo cha kura kilichowekwa shuleni kwetu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubandika orodha ya wapiga kura: namba upande wa kushoto, kisha jina, kisha mwaka wa kuzaliwa, ili kila mtu aje ahakikishe yumo. Kwenye mafunzo tuliambiwa orodha isiondoke ukutani mpaka matokeo yatangazwe. Mimi ni mtu wa maagizo. Mtoto akiandika nje ya mstari namfutia ukurasa mzima, na sijawahi kuona aibu kwa hilo. Nikaapa kwamba mbuzi hawataila serikali mbele ya macho yangu. Nikapika uji mzito wa muhogo, nikatwangia pilipili, nikachanganya na ulimbo, ule utomvu tunaotegea ndege. Nikabandika karatasi zote kwenye ukuta wa saruji, barazani, mahali mvua haifiki. Beberu alikuja, akalamba mara moja, akapiga chafya, akaenda zake. Nilijivuna siku nzima.

Yaya hakujua kusoma. Nilimwonyesha jina lake kwa kidole, karatasi ya nne, karibu na chini, na tangu siku hiyo alilijua. Kila akipita na mbuzi wake alipanda barazani kulitazama. Hakuwahi kuliona jina lake likiwa limepigwa chapa kwenye karatasi ya serikali. Aliwaonyesha watu, hata wale waliokwisha kuonyeshwa, na mimi nilimwambia aache kuligusa kwa vidole vya shamba.

Siku zile zile barua ya watu wa pori, yaani waasi, ilisomwa sokoni. Ilisema mtu aliyekubali kuandikwa kwenye orodha ni mtu wa serikali, na serikali itakapoondoka watajua pa kumpata. Tulisikiliza, tukanunua chumvi, tukarudi nyumbani. Karibu sote tulikuwa tumeandikwa, kwa sababu kadi ya kura ndiyo kitambulisho chetu. Bila kadi huvuki kizuizi cha barabarani kwenda Salamabila kuuza mpunga, wala hurudi.

Siku ya kura ilikuwa shwari. Nakumbuka harufu ya makoti yaliyolowa na foleni iliyofika mpaka kwenye choo cha shule. Mashine ya kupigia kura iligoma kidogo, ikakubali. Wazee waliigusa kwa woga kama sufuria ya moto, na ilibidi nirudie maelezo yale yale mpaka sauti ikakauka. Yaya alitoka na kidole chake cheusi kwa wino akanikaribia mezani, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba amemchagua yule mmoja ambaye mbuzi walimkataa, kwa kuwa mbuzi wanajua kitu. Watu walicheka. Mimi nilimwambia kura ni siri.

Siku tatu baadaye askari waliokuwa wakilinda kituo walipakia masanduku wakaondoka nayo, na hawakurudi. Kisha wachimbaji wa dhahabu walianza kushuka kutoka upande wa Salamabila kwa miguu, na mabeseni na madumu yao vichwani, bila kusimama kununua kitu. Mchimbaji anayepita soko bila kununua anakwambia yote. Hakuna aliyelitaja neno vita. Tulisema tu kwamba njia si nzuri.

Mkuu wa kijiji alinijia shuleni asubuhi moja. Hakuketi.

"Mwalimu, hii karatasi iko na majina yetu yote," alisema. "Itoe."

Nilimweleza kwamba matokeo hayajatangazwa na kwamba kuitoa ni kosa. Nilimweleza kwa adabu, tena kwa kirefu, nikamtajia na mafunzo. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Ile methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu naifundisha mimi mwenyewe, darasa la tatu, kila mwaka.

Siku mbili baadaye, mke wangu na shemeji yangu, mke wa yaya, walikuwa wametangulia na watoto kwenda Kasongo. Mimi nilibaki kufunga shule. Yaya alikataa kuondoka. Mbuzi hawapandi pikipiki, alisema, na nani atawavusha mito yote ile? Tulibishana jioni, hatukugombana. Asubuhi alikwisha kwenda kuwalisha nilipompata mwendesha pikipiki wa mwisho aliyekubali kunipakia. Alinipa muda wa kuchukua mfuko tu.

Nilipofika barazani ndipo nilipoiona orodha. Niliipita kila siku, lakini nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuiona. Nikaishika pembe nikavuta. Ikachanika kipande kidogo kama ukucha, basi. Nikamwagia maji ya mtungi. Ulimbo haujui maji. Nikachukua kisu cha kumenyea muhogo nikaanza kukwangua karatasi ya kwanza, na katika muda ambao mwendesha pikipiki alipiga honi mara tatu, sikumaliza hata mstari mmoja. Gundi yangu ilikuwa nzuri. Sijui kama nimewahi kutengeneza kitu kizuri zaidi.

Nikaenda karatasi ya nne. Nikalikwangua jina la yaya, na mwaka wake wa kuzaliwa, mpaka saruji ikaonekana. Namba sikuigusa, sikuifikiria. Majina mengine, ya watu niliosomesha watoto wao, sikuyagusa. Sikuhisi hatia wakati ule. Niliona nimefanya jambo moja la maana kwa ndugu yangu, nikapanda pikipiki. Uani hapakuwa na mtu wa kuniona ila yule mwendesha pikipiki, naye si wa kwetu.

Safari siikumbuki sana. Tulifika Kasongo kesho yake, nikawakuta wote wazima katika vyumba viwili tulivyopewa na wakwe zangu. Nililala. Niliamka, nikala sombe, yale majani ya muhogo, nikalala tena. Redioni walikuwa wakitangaza wabunge, jimbo baada ya jimbo, na kwetu pia alitajwa mshindi. Baba mkwe aliniuliza kama ni yule niliyemtaka. Nilijaribu kukumbuka nilimtaka nani.

Wiki ya tatu alikuja jirani yetu wa Wamaza, mama anayeuza chumvi na sabuni, mtu ambaye nyumba yake na ya yaya zinatazamana. Alikuwa ametembea. Sikio lake moja lilikuwa limevimba, akawa anatugeuzia lile jingine tukimwuliza kitu. Shemeji alimpa maji, akakaa mbele yake, akamwambia aseme yote.

Alisema watu wa pori waliingia Wamaza siku ya nne baada ya mimi kuondoka. Waliwakusanya waliobaki mbele ya shule, na mmoja wao anayejua kusoma akaanza kuita majina ukutani. Majina ni mengi, jua likawa kali. Walioitikia waliambiwa wakae chini. Walichapwa kidogo, wakanyang'anywa kuku na chumvi. Yule msomaji akachoka. Alikuwa karibu kuacha alipofika karatasi ya nne, akakuta namba isiyo na jina.

Hapo wakaamka wote. Walisema aliyefutwa ndiye mkubwa, ndiye serikali imemficha. Wakauliza huyu ni nani. Kijiji kizima kilijua ni nani, kwa sababu yaya alikwisha kuwaonyesha mahali pale mara nyingi kuliko walivyotaka. Hakuna aliyesema. Wakaanza kuwapiga, mmoja mmoja, wakianzia kwa wanawake. Ndipo sikio la yule mama lilipoumizwa.

"Yaya yako mwenyewe akasimama," alisema. "Akasema: ni miye. Muache hawa watu."

Walimchukua. Kesho yake alionekana kwenye njia ya Salamabila, akazikwa pale pale na mkuu wa kijiji na wanaume wawili.

Shemeji hakulia mara moja. Aliuliza kitu kimoja: jina lilifutwa na nani? Yule mama alisema hakuna anayejua. Alisema yaya aliona mkwaruzo ule siku moja baada ya mimi kuondoka, akakasirika sana. Akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza ni nani mwenye wivu amemwondoa kwenye karatasi ya serikali. Kisha akapoa. Aliwaambia haina neno, mwalimu akirudi ataliandika tena.

Nilikuwa nimekaa mlangoni. Nilisubiri kitu kinishike, machozi au hasira au hata kizunguzungu, na hakikuja. Niliona tu kwamba kikombe cha yule mama ni kitupu, nikaondoka kumchotea maji mengine. Nilipika chai. Niliuliza habari za mvua kule. Mke wangu alinitazama, baadaye aliniambia kwamba nina moyo mgumu, na mpaka leo sijui kama ni sifa au lawama.

Ni mwaka wa pili sasa. Nafundisha hapa Kasongo, darasa la tatu tena, na naambiwa nimekuwa mpole. Siku hizi sifuti kurasa. Nampenda shemeji yangu kama dada. Mara nyingi nimefungua kinywa nimwambie, nikaishia kumwuliza kama mkaa upo.

Jumapili tukitoka misa tunakula pamoja, na yeye ndiye anayeombea chakula. Husimama mbele ya bukari, ugali wetu wa muhogo, hufumba macho, na sala yake haibadiliki.

"Baba Mungu, ule mukono uliofuta jina ya bwana yangu, uukaushe."

Watoto wake husema Amina. Watoto wangu husema Amina, na mama yao. Mimi pia husema, tena kwa sauti, maana nikinyamaza atafumbua macho. Kisha hunisogezea sahani yangu kwanza, kwa kuwa sasa mimi ndiye mkubwa wa nyumba.